Kiroba cha Mayu

Jumatano, 10 Desemba
Karanga za leo hazifai. Nimekaanga sufuria nzima, nimeonja, uchungu mtupu. Muuzaji aliniapia ni za msimu huu. Mwongo mkubwa. Nimewamwagia kuku.

Jumuiya inasali kwangu tarehe 23. Ni mimi niliyeropoka mbele ya kina mama wote kwamba Noeli hii watakula karanga za sukari, wapumzike na kashata ngumu za Mama Neema. Mdomo wangu huu utaniua.

Mvua bado. Joto la kufa mtu.

Ijumaa, 12 Desemba
Nimefungua kiroba cha mayu. Sikupaswa. Mama mkwe, mayu kama tunavyomwita kwa Kisukuma, alikileta kutoka Lalago mwezi wa tisa: karanga ndogo nyekundu, bado na maganda yake, amezichagua moja moja. Za mbegu. Akakitundika mwenyewe kwenye boriti ya stoo, akasema mvua ikinyesha atazifuata.

Nimechukua bakuli moja tu. Nitarudishia.

Sukari, maji kidogo, karanga, nikakoroga bila kupumzika. Sukari ikakauka ikawa kama mchanga. Nikapunguza moto, ikayeyuka tena, ikazishika. Zimetoka zinang'aa. Nimekula nimesimama pale pale jikoni.

Jumapili, 14 Desemba
Baba Tumaini kalimaliza bakuli. Hakuuliza zimetoka wapi. Amesema tu, mke wangu, hapa umewapiga bao.

Nimefurahi kama mtoto. Nikaenda stoo tena. Bakuli la pili, la tatu.

Nimezaliwa Kalemela, kwa mkulima. Sihitaji kufundishwa mbegu ni nini. Kwetu ukigusa mbegu unachapwa.

Alhamisi, 18 Desemba
Nimezimaliza. Zote.

Kiroba nusu kingenisema. Nikaona bora nipike zilizobaki, halafu nijaze nyingine. Ndiyo akili yangu ilipofikia. Nimezunguka soko zima la Bariadi kutafuta nyekundu ndogo. Hakuna. Mama mmoja amenicheka, eti hizo za kizamani nani anauza siku hizi, wenye nazo wanazificha. Nimenunua za maganda zilizopo, kubwa, punje nyeupe. Nimejaza. Nimefunga kamba. Fundo la mayu nimelijaribu mpaka vidole vinauma, halifanani.

Jumapili, 21 Desemba
Kanisani tumeombea mvua. Watu wamepiga magoti, wengine machozi yanawatoka, mahindi waliyowahi kupanda yamekauka. Mimi midomo ilikuwa inatembea tu. Moyoni nilikuwa naomba jua.

Nimejiona mchawi.

Jumanne, 23 Desemba
Jumuiya imekuja. Karanga zimeisha kabla ya chai. Mama Neema ameomba nimwelekeze zinavyopikwa, kwa heshima kabisa, hata hakununa. Nimemwelekeza. Akauliza karanga nzuri hivi nimezipata wapi. Nikamwambia sokoni.

Limebaki kopo moja, la sikukuu.

Jumatano, 24 Desemba
Mayu amefika mchana kula sikukuu na sisi. Amekonda. Nimepiga magoti kumwamkia, nimekaa chini muda mrefu kuliko kawaida. Baba Tumaini akamwambia, mwenzio siku hizi ana heshima.

Mayu kajishika kiuno, kaangalia mawingu upande wa ziwa. Amesema inakuja.

Alhamisi, 25 Desemba
Mvua imeshuka wakati wa misa. Kelele za bati zikammeza padri. Watu wanacheka, wanapiga makofi. Mimi naliwaza lile fundo.

Baada ya pilau Baba Tumaini mwenyewe akalileta lile kopo. Nilikuwa nimelificha nyuma ya unga. Akammiminia mama yake kiganjani. Mayu akaweka moja mdomoni, akainyonya sukari taratibu, meno yake si mengi. Kisha akaitoa. Akaitazama. Nyekundu, ndogo.

Akairudisha mdomoni akatafuna. Akasema ni tamu. Hakunitazama.

Sijui nilioshaje vyombo.

Jumamosi, 27 Desemba
Asubuhi ameomba kiroba chake. Nimemshushia. Akagusa lile fundo, akalifungua. Akamenya karanga moja, akaiona punje nyeupe, akafunga tena. Baba Tumaini alikuwa nje anawasha pikipiki ampeleke stendi.

Nikapiga magoti. Nikasema, nisamehe, mayu, nilizipika. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Ningeshukuru.

Akasema, "Kule kwangu chakula kiliisha mwezi wa kumi. Ningekaa nazo ndani, wajukuu wangezila, na mimi ningezila. Nikasema nizipeleke kwa mama Tumaini. Kule wanashiba."

Basi. Akajitwika kiroba akatoka. Hakumwambia mwanawe kitu.

Mwezi wa kumi. Mwezi huo nilimpigia simu, akasema hawajambo. Nikaamini kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini. Alilala njaa mbegu zimetundikwa kwangu salama, mimi nikazipaka sukari ili Mama Neema anione.

Sijala leo. Haisaidii mtu, lakini sijala.

Jumanne, 30 Desemba
Nimempelekea gunia la mahindi kwa gari la Lalago. Baba Tumaini amenisifu nina moyo. Nimemwambia kila kitu. Ametoka, amerudi jioni.

Jumapili, 11 Januari
Mvua inanyesha vizuri. Mama Neema kapika karanga zake, kaniletea sahani. Sikuweza kula, nimewapa watoto.

Mayu amemtuma kijana wa pikipiki. Karanga za sokoni amezipanda, zimeota chache. Mahindi yamefika. Na amerudisha kiroba kitupu. Kimefuliwa, kimekunjwa vizuri. Amesema nikiweke pale pale, akijaliwa kuvuna ataleta mbegu nyingine.

Nimekitundika kwenye boriti.