Jiwe Nje ya Ua

Maretadu, 26 Mei 2003

Mpendwa mwanangu Marieta,

Marahaba kwa salamu zako. Mimi natembea, namshukuru Mungu. Mimba imetoka, mwanangu, ikiwa bado changa. Nilijitwika gunia la mahindi kutoka shambani, na bibi yako, akiwa nje ya ua, anasema ndilo lililomuua mtoto. Mimi pia naamini hivyo.

Mila yetu unaijua: nyumba iliyopatwa na msiba kama huu hukaa peke yake kwa miezi. Sichoti maji na wenzangu, hakuna anayekuja kuomba moto. Baba yako yuko Mererani machimboni. Shule ikifunga, usije. Ukiingia utafungiwa nami, masomo yakupite. Barua zako Katekista Patriki ataziweka kwenye jiwe nje ya ua.

Mama yako.

Katesh, 9 Juni 2003

Shikamoo mama,

Pole sana. Mimi sijambo, ila bwenini tumebaki mimi na matroni, naye haongei.

Naona haya kukuandikia mambo haya. Nilimwuliza Mwalimu Mwita, nikamwambia ni swali la kitabuni. Anasema mtoto huanza kwa yai moja na mbegu moja. Kila upande huleta fungu lake la kromosomu, nyuzi ndogo mno zenye maagizo ya kujenga mwili. Mbegu moja ikishaingia, yai hujifunga. Lakini mara nyingine mbili huingia pamoja, mafungu yanakuwa matatu badala ya mawili, na mimba haiwezi kukua. Hata kwa ng'ombe hutokea.

Siwezi kusema kwamba kwako ndivyo ilivyokuwa, hakuna aliyepima. Ila mimba nyingi zinazotoka mapema huwa na kasoro ya kromosomu tangu mwanzo, kabla mama hajajua kama ana mimba. Kabla ya gunia, mama.

Nijibu hata mstari mmoja.

Binti yako, Marieta.

Nje ya ua, 24 Juni 2003

Shikamoo mama,

Hukujibu, nikapanda basi. Usiogope, sijavuka ua. Nimekaa hapa tangu asubuhi, naona moshi wako. Watoto wa jirani Hhando wamepita wakaniuliza kama siku hizi nachunga mawe. Basi linarudi mchana. Toka tu mlangoni nikuone.

Binti yako.

Maretadu, 3 Julai 2003

Mwanangu Marieta,

Hujambo? Ulifika salama?

Nilikuona. Nilikuwa nyuma ya mlango muda wote. Nilijua nikitoka utanikimbilia, kama ulivyokuwa mdogo. Ulipopotea mteremkoni ndipo nikatoka, nikakaa pale ulipokuwa umekaa. Majani yalikuwa bado yamelala.

Barua yako yenye maneno ya mwalimu nimeisoma hadi imechanika kwenye mikunjo. Bibi yako bado anasema lake. Mimi lile gunia nilikuwa sijaligusa tangu siku ile. Nilikuwa nakula viazi. Jana nimelifungua, nikapika makande. Nilikula peke yangu, nikashiba.

Mama yako.