Macho ya Babu Yako Hayamtazami Mtoto

Nyumbani,
chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya kula.

Mpendwa mjukuu wangu,

Ungekuwa karibu ningeanza na sikio lako kabla ya salamu. Picha uliyotuletea ni aibu, na aliyekuambia imekamilika alikudanganya, hata kama aliyekuambia ni wewe mwenyewe.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Unakula? Ule mgongo uliokuwa ukikuuma kwa kukaa mbele ya kompyuta umepoa, au bado umejikunja kama ndoano? Mimi nipo. Magoti yananisumbua kwenye ngazi, ila mdomo ni mzima, kama unavyoona. Wazazi wako wazima. Baba yako mkubwa mzima, na tumbo lake limemzidi kwa uzima.

Naandika mwenyewe. Madarasa niliyosoma ni machache lakini yanatosha kumkaripia mtu. Kwenye simu unaniitikia "sawa Bibi, sawa Bibi" huku nasikia vidole vyako vikigonga kompyuta. Barua huwezi kuiitikia hivyo. Fundi wa picha atakutumia kwa simu yake, maana ikienda posta itakukuta shangazi yako ameshaondoka.

Sasa tuje kwenye picha. Shangazi yako si mtu wa kuomba. Unajua babu yako alitutoka yeye akiwa bado tumboni. Kaka zake wote wana picha wamebebwa na baba yao, yeye hana hata moja. Uliposema kazi yako huko ni kutengeneza watu ndani ya kompyuta, unawakalisha, unawasimamisha, unawapa vitu wabebe, ndipo akakuomba. Umtengeneze babu yako, umtengeneze na yeye akiwa mchanga, umweke mikononi mwake, basi. Anahamia mbali kikazi na alitaka kuondoka nayo.

Fundi aliichapa kubwa, tukaiegemeza kwenye kabati, tukaitana wote. Uso, sikatai, ni wa mume wangu. Hata kovu la kidevuni umelikumbuka. Kisha nikafika kwenye macho. Mtoto yuko kifuani pake, na yeye anatukodolea sisi kama mtu anayengoja zamu kwa kinyozi. Mtoto naye jicho moja liko dirishani, jingine mlangoni. Kinyaa kilinishika, mjukuu wangu, nisikufiche.

Baba yako mkubwa akaleta maneno yake: "Lakini mama, huyu si baba mtupu?"

Nikamwambia, "Mtupu ndiyo. Hamna mtu ndani."

Shangazi yako alisogea kushoto, akasogea kulia, akaichuchumalia. Halafu akasema taratibu, "Anamtazama kila mtu humu ndani isipokuwa mimi." Akaigeuzia picha ukutani, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Ulipopigiwa simu ukasema hilo dogo tu. Ukaleta ya pili. Hiyo ndiyo kichefuchefu chenyewe. Macho umeyashusha, kichwa kimebaki wima kama nguzo, kope ziko juu, weupe umejaa juu ya mboni. Babu yako, mtu wa heshima zake, anaonekana anachungulia mfuko wa mwenzake kwenye foleni. Na ukathubutu kumwambia shangazi yako, "Ukiitundika juu kidogo hakuna atakayegundua." Neno hilo limenichukiza kuliko picha zote mbili. Wa kugundua ni yeye. Wengine wagundue ya nini?

Nikajikokota mpaka kwa fundi wa picha kuuliza kuna ugumu gani. Akanieleza kwamba ndani ya kompyuta mnaweka kitone, na macho yanakifuata kitone popote kilipo. Umekiweka kwenye paji la mtoto, ukaenda zako. "Macho yametii, Bibi," akasema, "ila shingo haijaambiwa." Alicheka. Mimi sikucheka.

Nikazitoa zile picha tatu tulizokutumia, nikazipanga mezani. Katika zote babu yako amevaa miwani na anamtazama mpiga picha, kwa sababu mpiga picha alimpigia kelele atazame pale. Wewe ukachukua macho ya mtu aliyeamrishwa, ukaenda kumtazamia nayo mtoto wake.

Ungeniuliza, ningekuambia. Hukuniuliza, ukaziuliza picha. Babu yako kwa miwani aliona mbali tu. Kitu cha karibu alikitazama kwa macho matupu. Alipompokea baba yako mara ya kwanza, miwani ilipanda kwenye paji la uso, kidevu kikazama kifuani mpaka vikawa viwili, na macho yakavutana kidogo kuelekea puani, kama ya mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Na hakuanza na uso. Alianza na vidole vya mtoto, akavipitia kimoja kimoja, ndipo akapanda usoni akakaa hapo. Nilimwita akanywe chai. Alisema, "Nakuja," na hakuja.

Na mtoto mchanga hatazami mlango, mlango ataujulia wapi? Anatazama pale nywele zinapokutana na uso wa aliyembeba, kwa macho yote mawili, mdomo umesahaulika wazi.

Jana shangazi yako alifunga mizigo. Kila kitu kimeingia, hata ile pasi mbovu. Picha ameiacha kabatini. Nikamuuliza, akasema, "Nitakuja kuichukua siku nyingine, mama." Mwanangu namjua. Haji kuichukua, na baba mwingine wa kumtazama hatampata.

Baba yako mkubwa anakusalimu, anasema usinijali, mimi ndivyo nilivyo. Mjali yeye uone. Mama yako anauliza kama huko kuna baridi. Mke wa fundi anakusalimu pia. Mungu akulinde na akupe macho ya kuona unachokitengeneza, maana mikono alishakupa.

Basi sikiliza. Shangazi yako anasafiri Jumamosi asubuhi. Pandisha ile miwani. Inamisha shingo, kope zishuke pamoja na macho, na macho yaishie kwa mtoto, yasimpite kwenda ukutani. Usiniletee mimi wala baba yako mkubwa. Mpelekee shangazi yako mwenyewe kabla ya Ijumaa, umpigie, na safari hii unyamaze mpaka yeye aseme baba yake anamtazama nani.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye na hasira zangu zote.