Sakafu ya Nyumba ya Kona

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini presha imetulia na Mama bado anakusimamia mpaka umeze dawa. Mimi ni mzima, ila viganja vimekuwa msasa. Nikimpa mtu mkono anashtuka.

Ile sakafu ya nyumba ya kona imekwisha, na imependeza. Sijisifu, nasema kilichopo. Vile vigae vya saruji ulivyovifyatua mwenyewe, vyenye nyota ya bluu, vimeshikana hadi huoni nyota moja inaishia wapi. Nilivipanga vikavu kwanza nipate mpangilio wa nyota, ndipo nikavilowesha na kuvilaza kuanzia katikati ya chumba, nikivibembeleza kwa kiganja, si kwa nyundo.

Tatizo lilikuwa mwenzangu, fundi tunayemwita Haraka. Alikwisha koroga saruji nyeusi ajaze mianya kabla hatujapaka dawa ya kuzuia madoa. Nilimzuia. Nilimwambia vigae hivi vinakunywa rangi, na doa likiingia halitoki hata kwa machozi. Akanuna, akauliza nani kanifanya nyapara. Nikamjibu ni aliyenizaa. Tukapaka dawa, tukasubiri ikauke, tukajaza mianya kwa saruji ya kijivu huku tukifuta kwa sifongo. Leo anawaambia watu lilikuwa wazo lake, nami namwachia.

Sasa Baba, kaa kitako. Mwenye nyumba alikuwa akija kila alasiri, anakalia ndoo, anatutazama. Jana alivua viatu, akapiga magoti karibu yangu, akachukua sifongo na kufuta kigae kimshazari, kona hadi kona, kama ufutavyo wewe. Nikamuuliza kajifunza wapi. Akasema, “Kwa babu yako. Mimi ni baba yako mdogo.”

Alieleza kwamba oda ilipitia kwa mkandarasi kwa sababu kama angeileta yeye mwenyewe, ungeikataa. Kuhusu ugomvi wenu wa kugombea karakana ya babu, siku ile alipozikwa nami sijazaliwa, hakujitetea wala hakukulaumu. Alisema tu amechoka kukanyaga sakafu za watu baki. Alitaka ya kaka yake. Kisha akaniomba nikufikishie salamu.

Nilikasirika kidogo kwa kufichwa, sitakudanganya. Lakini niliyatazama yale magoti yake yaliyojaa vumbi la saruji, hasira ikaniishia. Nikamwambia mimi si posta, salamu zake azilete mwenyewe.

Basi Jumapili nakuja naye. Sikuombi ruhusa, nakuarifu. Ukitufungia mlango tutakaa nje wote wawili mpaka ufungue, na unajua ukaidi huu nimeurithi kwa nani.

Msalimie sana Mama. Mwambie apike cha watu wanne.

Ni mimi binti yako,
Fundi