Kisiwa Kisichofikwa na Fisi

Misheni, Mpwapwa,
14 Juni 1912

Mpendwa Mjomba Silvano,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima nakuuliza hali yako, na ya mguu uliokusumbua wakati wa mvua. Je, useremala wa huko Dar es Salaam unakuacha upumzike? Sisi tu wazima. Mama hukohoa kidogo asubuhi, lakini shambani anatutangulia sote.

Napenda kukuarifu kwamba nimehitimu masomo nikiwa wa pili darasani, na nimepeleka ombi la ukarani Dodoma. Mwalimu ameusifu mwandiko wangu. Natumaini nawe utaukubali.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima raha. Mwezi wa Machi, Yotham, rafiki yako wa kisiwani uliyemkabidhi ng'ombe wako Kanga, alituletea ngozi, kama ilivyo desturi yetu mfugo wa mtu ufapo mikononi mwa mlezi. Alisema fisi wamemuua kando ya zizi, huko huko kisiwani. Ngozi ilikuwa nyeusi yenye madoadoa meupe, ila masikio hayakuwapo. Mama alilia, kwa kuwa ulikwisha kutamka kwamba Kanga na ndama atakaowazaa watakuwa katika mahari yangu kwa kina Anyesi. Mimi sikulia. Alama yako ya mikato miwili iko sikioni, na sikio ndilo lililokosekana.

Hakuna kati yetu aliyewahi kufika kisiwa kile. Basi Ijumaa iliyopita nilishuka Gulwe, na Jumamosi alfajiri nikavuka ziwa la huko kwa mtumbwi. Ni kisiwa kidogo cha mawe na nyasi. Gurudumu halijapata kukanyaga huko, hata la mkokoteni. Nilimwambia Yotham kwamba nimekuja kutembea tu. Akalitazama daftari langu.

"Msomi atembee bure?" akasema, akaandamana nami kila hatua.

Njiani nilimwamkia bibi mmoja aitwaye Tereza, aliyekuwa akianika samaki, nikamwuliza kama fisi huwasumbua sana. Alicheka hata akaweka kikapu chini.

"Fisi, mjukuu wangu? Aje na mtumbwi wa nani?"

Yotham hakucheka. Alisema jua limekuwa kali, turudi.

Sikurudi. Upande wa kaskazini, alikodai kuna matope matupu, njia ilikuwa kavu, na ng'ombe sita walikuwa malishoni. Mmoja ni mweusi mwenye madoadoa meupe. Sikio lake la kushoto limekatwa nusu, na kidonda kimekwisha kupona. Nikaita, "Kanga!" Akainua kichwa.

"Ng'ombe wote huinua kichwa wakiitwa, bwana mwalimu," Yotham akasema.

Tangu niingie shule sijamkamua Kanga hata siku moja.

Bomani sijapeleka neno. Bwana Shauri, Mjerumani anayeamua kesi, atadai shahidi, na mshtaki asiye naye huenda akala viboko mwenyewe. Tena babaye Anyesi atangoja hadi mwisho wa mavuno tu. Anasema wapo wengine wanaobisha hodi.

Nisalimie Mkaza Mjomba Emilia na binamu yangu Marko. Mama, dada yako Loisi, anakusalimu sana. Ngozi ameikunja, hataki iguswe.

Nakusihi upande gari la moshi hadi Gulwe, nami nitakupokea. Mimi Kanga alinitazama tu, kisha akaendelea kula. Wewe ndiwe uliyemkamua tangu uzao wake wa kwanza. Njoo umwite mwenyewe, Yotham akiwa amesimama pale pale.

Mungu akulinde njiani.

Mpwa wako akupendaye na kukungoja,
Kefa