Jike Mwenye Soksi Nyeupe

Mdogo wangu Kijiko,

Pokea salamu za dada yako. Mimi mzima. Meno yanaaga mojamoja, ila ulimi upo, kama utakavyoona. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji bado anakoroma?

Barua yako nimeipata. Nimecheka, kisha nikakasirika. Nguruwe weupe wanane wa kisasa, umewanunua kwa mbwembwe, leo unalia kwamba wanaungua jua na kususia chakula kama maharusi! Si nilikuambia? Ukaniita mshamba, ukasema weusi wangu wana pua ndefu kama jembe. Haya, pua hiyo ndiyo inayojichimbulia mizizi, huku weupe wako wakisubiri pumba za dukani.

Ni kweli wanakua polepole. Lakini umesahau? Mama akikaanga nyama yao, jirani alikuwa anakuja kuazima chumvi asiyoihitaji. Mafuta tulijaza debe, tukaungia maharage msimu mzima. Juzi muuza nyama wa sokoni alinibembeleza nimpe mmoja, eti wateja wanaulizia weusi. Nikamwambia apange foleni.

Sasa na wewe unaomba jike mweusi, tena unauliza bei. Bei! Kaa chini, shemeji akushike.

Mama alipotugawia mifugo kabla hujaolewa, mimi nilipata beberu la mbuzi, wewe ukapata nguruwe jike mweusi mwenye soksi nyeupe mguu wa mbele. Ukaniachia nimtunze mpaka utulie kwako. Baada ya miezi minne nikakuandikia kwamba amekufa kwa homa. Hakufa. Alikuwa amezaa tisa, na mimi maishani sikuwahi kuwa na kitu cha kuzaa hata kimoja. Niliambiwa ulilia. Nikanyamaza, miaka thelathini na minane. Kila nguruwe niliyejivunia mbele yako ni wa ukoo wa yule wako.

Basi, mwanao dereva wa lori anakuletea jike mwenye mimba. Mtazame mguu wa mbele kabla hujanitukana. Mjengee kivuli, na usimlaze na hao maharusi. Nitukane ukishamaliza kumlisha.

Msalimie shemeji, wasalimie watoto, hata yule mkwe wako anayejifanya mganga wa mifugo. Jike akizaa, niandikie ni wangapi. Nikijibu kwamba nimefurahi, safari hii niamini.

Ni mimi,
dada yako, mwizi wako