Chaja ya Gari la Salome

Mpendwa mshauri, naomba msaada wa mawazo, maana hapa Mwazye sina wa kumweleza jambo hili asinicheke. Mimi ni mkulima wa mahindi na ulezi, nina mke wangu Avelina, na tulijaliwa mtoto mmoja tu, binti yetu Salome, aliyekuwa anasomea umeme chuoni Sumbawanga na amepanga chumba mtaa wa Chanji, akafariki mwaka jana wakati wa masika kwa homa ambayo hadi leo sijaelewa ilikuwa homa gani, kwa sababu tulipofika hospitali alikuwa ameshaacha kuongea.

Salome alikuwa na gari la rimoti, si yale ya plastiki ya mnadani, hili lina mbio kweli, alilinunua bovu akalitengeneza mwenyewe, na kila likizo alikuja nalo nyumbani tukaliendesha kwenye uwanja wa kupuria ulezi, ananiachia rimoti, nalipindua, tunacheka, na mama yake yuko mlangoni anatuambia tutaua kuku. Tulipokwenda kuchukua vitu vyake chumbani tulikuta gari, rimoti na betri, lakini chaja hatukuiona. Betri ilikuwa na chaji kidogo, nikawa naliendesha kidogokidogo ili isiishe, na siku ilipoisha nilikaa pale uwanjani kama mtu aliyefiwa mara ya pili.

Nikaenda mjini kutafuta chaja. Mwenye duka, kijana wa Mbeya anaitwa Yoramu, aliniamkia vizuri akaniuliza, “Mzee, gari ni la mjukuu?” Nikajibu ndiyo, ingawa mjukuu sina na sitampata. Akanionyesha chaja ndogo ya bei rahisi na nyingine kubwa yenye kioo, akasema hiyo kubwa haichomekwi ukutani, inataka pawa saplai yake, akaendelea na habari za volti na ampea na wati mpaka nikaona aibu kuuliza, nikarudi mikono mitupu.

Kwetu umeme wa nguzo haujafika, tuna sola na betri yake kubwa, nikajiambia umeme ni umeme, nikachukua waya mbili nikaunganisha betri ya Salome na ile ya sola moja kwa moja, ndani, karibu na godoro, gari nimeliweka pembeni. Avelina alikuwa anapeta ulezi mlangoni. Betri ikaanza kuvimba kama andazi, ikatoa moshi, ikalipuka moto. Avelina akaingia mbio, akaikamata kwa khanga na kuirusha nje kabla godoro halijashika. Mimi, mshauri, nililibeba gari. Nililitoa nje nikawa nalikagua matairi, nalifuta masizi, na nilipoinua macho nikamwona mke wangu amechutama, mkono ameutumbukiza kwenye ndoo ya maji, ananitazama. Hakupiga kelele. Alisema, “Nestory, mimi bado nipo.”

Tangu siku hiyo anapika kwa mkono wa kushoto na hanisemeshi ila kwa lazima. Mkono ameufunga kitambaa, hataki niushike. Nami kila nikipita uwanjani natamani kulisikia lile gari. Naomba uniambie ninunue chaja ipi isiyolipuka, na kama hiyo pawa saplai ni ya lazima, na kama nikiinunua nitakuwa nimemkosea mke wangu.

Ni mimi Nestory, Mwazye.

JIBU

Baba Salome, pole. Mwaka mmoja kwa mzazi aliyezika mtoto wake wa pekee si kitu, na hakuna mtu mwenye akili atakayekucheka kwa kulia juu ya gari. Lakini umeniandikia barua nzima kuhusu chaja, na mkono wa mkeo umeupa mistari miwili. Mtu aliyeungua na moto wa betri hafungwi kitambaa tu akaachwa. Mpeleke zahanati kesho asubuhi. Duka lisubiri.

Nitakujibu ulichouliza, kwa sababu najua nisipokujibu utaunganisha tena waya. Betri ya gari la rimoti ni ndogo kwa volti kuliko ya sola, ndiyo maana ilizidiwa. Ile iliyoungua imekwisha, isiguswe wala kujaribiwa tena. Ifukie kwenye ndoo ya mchanga, mbali na nyumba. Ukija kununua chaja na betri mpya, nenda na gari lenyewe, umwambie Yoramu ukweli kwamba kwenu ni sola. Pawa saplai kazi yake ni kugeuza umeme wa ukutani uifae chaja. Wewe huihitaji, mradi chaja iwe imeandikwa kwamba inapokea volti kumi na mbili. Iwe ya betri za lithiamu, yenye tundu la ule waya mdogo wa pembeni ya betri, wenye kichwa cheupe, ili ijaze kila seli sawasawa. Ile ndogo ya bei rahisi iache hapo hapo dukani. Chaji mchana jua likiwaka, nje, juu ya tofali, ukiwa umekaa hapo hapo. Kuuliza si aibu, baba. Kunyamaza dukani ndiko kulikomuunguza mkeo.

Sasa lile la mwisho. Kununua chaja si kumkosea Avelina. Ulishamkosea ulipoliokoa gari naye anaungua, na hilo hukulisema kwake, umelisema kwangu nisiyemjua. Mwambie yeye, kwa maneno hayo hayo, bila kutaja moshi wala waya. Usinunue chochote mpaka mkono wake upone, na siku ya kwenda mjini mwende pamoja. Akisema gari lisirudi ndani ya nyumba yake, lifunge kwenye gunia ulipeleke kwa ndugu, na usinung'unike. Akikubali, ashike rimoti yeye kwanza.

Wewe umepata pa kumlilia binti yenu. Mama yake alimbeba tumboni, na katika barua yako yote sijaona mahali anapolia. Muulize huwa anamlilia wapi Salome. Kisha ukae kimya mpaka amalize kukujibu.