Jalada la Shomari Kibwana

Jumatatu, 30 Juni

Vumbi la masjala limenikaa kifuani tena. Nimepiga chafya kumi na moja kabla ya chai, dada wa mapokezi amezihesabu. Ananiita Mzee wa Mafaili. Miaka hamsini na nne, tumbo limetangulia, goti la kulia halikunjiki. Lakini hakuna karatasi iliyowahi kunipotea katika ofisi hii ya wilaya. Hilo najivunia. Sina jingine.

Kamati ya majina imenipa kazi ya ziada. Kuna ukuta unazinduliwa Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, kwa ajili ya wanamgambo wa huku kwetu waliokufa kwa vita ya Kagera na hawakuandikwa popote. Sharti ni moja: awe amekufa akiwa bado kwenye orodha ya wapiganaji. Faili za mgambo inasemekana zilipotea ofisi ilipohama, kwa hiyo kiapo cha aliyepigana naye kinatosha. Limebaki jina moja la kuhakiki. Shomari Kibwana, wa Kiwalani. Mjane wake yu hai.

Alhamisi, 3 Julai

Kiwalani. Nimepotea mara tatu. Ndege zikipita juu ya mabati watu wananyamaza, sentensi imewakaa mdomoni, zikishapita wanaendelea pale pale. Mgeni peke yake ndiye anayepiga kelele. Mgeni mwenyewe mie.

Bi Mwajuma ni wa miaka sabini hivi. Mwembamba, macho yana ukungu. Nimemkuta juu ya mbuzi anakuna nazi. Shikamoo yangu ameipokea, kisha akanisikiliza ninavyohema.

"Wewe ndiye wa serikali? Unahema kama uliyekimbizwa. Kaa."

Kigoda kimelia. Amecheka. Nimempenda hapo hapo.

Shomari alirudi kutoka mstari wa mbele na kipande cha chuma tumboni. Akalazwa miezi. Akafia nyumbani. Nimeandika "nyumbani" bila kuwaza, wagonjwa wangapi hupewa ruhusa. Hawakujaaliwa mtoto. Picha ilikuwa moja, ikaenda na maji nyumba ya zamani ilipofurika. Hataki fidia.

"Wa mtaa huu wanadhani nilimbuni tu huyo mume. Wakichonga jina lake, nipeleke nikaliguse. Kusoma sijui, na macho haya hata ningejua. Lakini vidole ninavyo."

Nikaahidi. Nilitakiwa niseme "tutaona". Nimesema "nitakupeleka, mama".

Jumamosi, 5 Julai

Goba. Vilima vile na goti hili. Mzee Gabrieli alikuwa kikosi kimoja na Shomari. Ameniita kijana, nikajisikia vizuri mpaka nilipotaka kuinuka kwenye kochi nikashindwa.

Anamkumbuka vizuri. Alipoumia, Shomari alibebwa na yeye pamoja na mwenzake, ambaye naye hakurudi. Akasimulia mpaka pale, akageuka akatazama ukuta. Mkewe akaleta uji, hakuna aliyeunywa. Kiapo amekubali, tumekwenda kwa wakili, amesaini.

Kazi imekwisha. Doreen, katibu wa kamati, amejibu kwenye simu: "Safi sana baba, huyu amepita."

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Mke wangu, Mama Neema, kaenda kwenye maonyesho na dada yake. Mie nimechukua ufunguo nikaenda stoo ya zamani, Temeke. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu kuwaonyesha. Watu wanaposema faili zimepotea huwa naumia, kama wamenitukania ndugu.

Saa nne mpaka saa tisa. Panya, popo, majalada ya kodi ya baiskeli. Chini kabisa, fungu zima la mgambo, limefungwa kwa kamba ya katani. La sita lilikuwa la Shomari.

Nilipiga kelele peke yangu stoo. Nikapiga picha ya jalada juu, nikatuma kwenye grupu la kamati: "Limepatikana! Lote kamili, karatasi zote, folio 1 hadi 19. Mzee wa Mafaili hashindwi." Vidole gumba vikamiminika, makofi, moto. Dada wa mapokezi akaweka kikombe cha ushindi.

Ndipo nikakaa kusoma.

Kuitwa kwake. Mafunzo. Safari. Kujeruhiwa. Folio 18 ni barua ya mkewe, ameandikiwa na mtu, chini kuna alama ya dole gumba. Anaomba apewe mgonjwa wake. Folio 19 ni mistari miwili: ombi la familia limekubaliwa, Shomari Kibwana ameondolewa kwenye orodha.

Na nyuma yake imebandikwa karatasi ya hospitali, taarifa ya kifo. Siku tisa baadaye.

Nimesoma mara nne. Vumbi limenisaidia, machozi yamepata sababu.

Jumanne, 8 Julai

Nimelegeza uzi wa jalada. Folio mbili tu. Miaka ishirini na saba nafundisha makarani kuandika namba juu kulia kwa wino mwekundu, ili mtu asichomoe. Na ningechomoa. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Lakini nilishatangaza kumi na tisa. Mbele ya grupu zima. Sijazuiwa na uadilifu, nimezuiwa na majigambo yangu.

Nimefunga uzi. Nimepeleka.

Ijumaa, 11 Julai

Kamati imekaa. Nimesema nilivyoweza. Kwamba chuma kilikuwa kile kile tumboni, siku tisa hazikukifanya kuwa maradhi ya kawaida. Mwenyekiti hakuwa mkali, na hilo ndilo baya. "Tuna wanne tuliowakataa kwa kifungu hiki hiki. Tukimwingiza huyu, wajane wao tutawaambia nini?"

Jina limekataliwa.

Ukumbini Doreen kanishika mkono. "Baba, kile kiapo kilikuwa kinatosha."

Najua, mwanangu. Najua.

Jumatano, 16 Julai

Sijaenda Kiwalani. Goti, nimemwambia Mama Neema. Ameniangalia. "Goti halijawahi kukukosesha mchuzi," amesema. Nimemweleza yote. Hakunitania tena. Nilitamani anitanie.

Mwoga. Hilo ndilo neno.

Jumapili, 20 Julai

Nimeenda.

Nilikuwa nimepanga kusema karatasi hazikutosha. Nimeshika mlango, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, amesema, "Mbona leo huhemi? Una habari mbaya." Nikamwambia ukweli. Uongo ningeuharibu pia.

Alitaka kusomewa barua yake. Nilikuwa nimeinakili kwa mkono. Nikasoma: "Mimi Mwajuma binti Seif naomba nirudishiwe mume wangu. Daktari amesema hatapona. Sitaki afe katikati ya watu asiowajua. Nipeni nitamuuguza mwenyewe."

Ndege ikapita. Tukasubiri.

"Karani wa sokoni alitaka kuongeza maneno ya heshima. Nikamwambia andika hayo hayo," akasema. Kisha: "Sasa hiyo ndiyo imemtoa?"

"Ndiyo, mama."

"Siyo kile chuma."

"Siyo."

"Hakuna aliyeniambia. Walinipa wino nikaweka dole, wakanipa mume wangu. Nilijua nimempata, kumbe nimemfuta."

Nikasema hukumfuta. Imetoka dhaifu mno. Nikasema kosa ni langu, jalada nimelitafuta mie, bila hilo angepita. Nilitaka anitukane. Akaendelea kukuna kifuu ambacho nazi yake ilikwisha zamani, ikisikika mbuzi inakwaruza ganda tupu.

"Nenda, baba," akasema. "Nenda kabla jua halijakolea."

Hakunisindikiza. Amenisamehe au hapana, sijui. Sikuuliza. Nisingestahili jibu lolote.

Ijumaa, 25 Julai

Siku ya Mashujaa. Suti ilinyooshwa, sikuivaa. Kadi ya mwaliko nimeiacha nyumbani Tabata, juu ya friji.

Nimekwenda Kiwalani na nakala ya folio 18, ya mashine safari hii. Nimeiomba rasmi, imeidhinishwa. Redio ya jirani ilikuwa kwenye sherehe, tarumbeta inalia. Bi Mwajuma hakuulizia ukuta. Nikamwambia nimemletea barua yenyewe, si mwandiko wangu. Ina namba ya jalada la mumewe juu na alama yake chini. Karatasi pekee duniani wanamokutana wote wawili. Hilo la mwisho sikulisema.

"Dole liko wapi?"

Nikamshika mkono nikauweka pale. Akapapasa. Karatasi laini, hakuna cha kugusa. Akaacha dole lake pale pale juu ya lile jeusi. Sasa ni jembamba zaidi, la zamani limechomoza pande zote.

"Nilikuwa mnene," akasema.

Nikasogeza kigoda karibu.

"Siku ya saba aliomba samaki wa nazi. Alikula matonge mawili, matatu, hivi, kwa mkono wangu." Ndege ikapita. Ilipokwisha kupita akawa bado na neno lake. "Kwenye kitanda hicho nyuma yako."

Jirani akazima redio. Tumekaa mpaka adhuhuri. Hakuondoa mkono.

Nimerudi ofisini jioni hii kabla hawajafunga. Baada ya folio 20, ile ya kukataliwa, nimeweka karatasi mpya, nikaandika 21 juu kulia kwa wino mwekundu kama kawaida, kisha mstari mmoja: Nakala ya folio 18 imetolewa kwa mwombaji. Nikafunga uzi. Nimeliweka jalada juu, mahali pakavu.